Praima ya asidi kwa alumini: inashika kweli, ila nozeli yake...

Fremu za dirisha za alumini nilishazipaka mara mbili na praima ya kawaida (ile rangi ya kwanza ya kushikilia rangi ya juu), zote mbili rangi ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, unagusa na ukucha kinatoka kipande kizima. Safari hii nikachukua hii ya spreyi yenye asidi ya fosforiki na aisee tofauti naiona. Shida ya alumini ukishaisugua tu hewa inaanza kuiwekea utando wa oksaidi palepale, kwa hiyo habari ya kusugua leo kupaka kesho sahau. Mi nilianza kufuta mafuta na thina (kabla ya msasa jamani, la sivyo unayasukumia mafuta kwenye mikwaruzo), nikapiga msasa namba 320, nikafuta vumbi, nikapuliza hapohapo. Brashi ya waya wa chuma achana nayo, inaacha chembe za chuma halafu ndo kutu inaanzia hapo.

Sasa, inatoka nyembambaa, unaona kabisa haijafunika vizuri, mkono unawasha uongeze. Usiongeze! Mi niliongeza upande mmoja, ukabaki laini chini, rangi ya juu ikajikunja yote nikakwangua upya. Harufu nayo kali, tafuta maski ya kemikali, ya kitambaa haisaidii kitu.

Miezi minane sasa, juzi nimebandika selotepu nikaivuta kwa nguvu, haikutoka na kitu. Nyota nne. Ya tano nimeinyima sababu ya nozeli, imeziba kopo likiwa bado nusu.