Pampu ya nusu HP: inafaa wapi, inakwama wapi, na HP hiyo ni ipi

Pampu ndogo ya maji iliyoandikwa QB60 haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au River Road. Mwili wa chuma cha kutupwa, matundu mawili ya inchi moja, uzito wa kubebwa kwa mkono mmoja. Kibandiko chake husomeka hivi: 0.5 HP, 0.37 kW, Hmax 35 m, Qmax 35 L/min. Umbo hilo hilo hutoka kwa majina mengi ya viwanda. Pedrollo ya Italia ina PKm 60 katika daraja hili, na hiyo ndiyo mafundi wengi huitumia kupimia nyingine.

Kwa nyumba ya chini au ya ghorofa moja yenye kisima kifupi au tangi la ardhini na simtanki juu ya mnara, ni pampu nzuri na ya bei nafuu. Wanaoilalamikia aghalabu waliinunua kwa kutazama herufi mbili, HP, wakaacha kusoma zilizobaki. Herufi hizo hubeba mambo kadhaa yasiyolingana, hata ndani ya duka moja.

Tuanze na za kibandiko. Hapa HP ni nguvu za farasi, kipimo alichokiweka James Watt katika karne ya 18 alipokuwa akitafuta wateja wa injini za mvuke. Kwa hesabu ya Kiingereza, HP moja ni wati 745.7, yaani kunyanyua kilo 76 hivi kwenda juu mita moja kila sekunde. Ulaya bara wakashika kilo 75 kamili, ikawa wati 735.5, Wajerumani huiandika PS, Waitaliano CV. Nusu yake ni wati 373 kwa hesabu ya kwanza na 368 kwa ya pili, na zote mbili zikifupishwa zinakuwa 0.37 kW. Hapo hakuna udanganyifu.

Kasoro huanza pale mnunuzi anapodhani kwamba hiyo 0.37 ndiyo umeme atakaoulipia, au ndiyo nguvu itakayofika kwenye maji. Si hili wala lile. Ni nguvu inayotoka kwenye shafti ya mota, ile ambayo vibandiko vya uangalifu huiita P2. Umeme unaoingia, P1, ni mwingi zaidi: kwa mota ndogo kama hii ya fezi moja tarajia wati 500 hadi 600, kama ampea 2.5 kwenye volti 230. Upande wa pili, maji yanapata kidogo sana. Hata pampu bora ya daraja hili, kama PKm 60, ikitoa lita 20 kwa dakika kwenye kimo cha mita 24, kazi iliyofanyika juu ya maji ni wati 78 tu. Zilizobaki zimeishia kwenye joto, msuguano na mzunguko wa maji ndani ya pampu. Hiyo ni tabia ya aina hii ya pampu, na hata zilizotengenezwa vizuri hazijiepushi nayo sana.

Ndiyo maana HP peke yake haikuambii utapata maji kiasi gani. Chukua pampu tatu za HP moja, zote 0.75 kW. QB80, ndugu mkubwa wa hii, hupandisha juu sana, mita 50 na zaidi, lakini maji yake ni machache, yasiyozidi lita 50 kwa dakika hata pasipo na mzigo. Pampu ya sentrifugali, ile inayosukuma maji kwa kuyarusha nje kutoka katikati, ya HP hiyo hiyo hutoa zaidi ya lita 80 kwa dakika kwenye mita 25, kisha hufika kikomo kwenye mita thelathini na kitu. Ya kuzamisha kisimani hutegemea idadi ya impela, yaani magurudumu yanayosukuma maji, zilizopangwa juu ya shafti: zikiwa nyingi inapandisha juu na maji yanapungua, zikiwa chache kinyume chake. Farasi ni yule yule, kazi tofauti.

Rudi kwenye kibandiko cha QB60 usome H na Q pamoja. Hmax ya mita 35 ni kimo ambacho maji yanasimama, hayatoki tena. Qmax ya lita 35 ni pale pampu inapomwaga chini bila kupandisha popote. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa wakati mmoja, na pampu hii hushuka haraka katikati. Kwa mfano wa nyumba ya kawaida: kuvuta mita 3 kutoka tangi la ardhini, kupandisha mita 7 hadi mdomo wa tangi la juu, na mita 2 za msuguano kwenye bomba na viwiko, jumla mita 12. Hapo tarajia lita 20 hadi 25 kwa dakika. Tangi la lita 1,000 linajaa kwa dakika 40 hadi 50, na umeme unaotumika ni chini kidogo ya nusu uniti. Kwa kazi hiyo hatuoni sababu ya kununua kubwa zaidi.

Bomba ndilo linaloharibu hesabu hiyo. Kwa lita 25 kwa dakika, bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 30 hula kimo cha mita moja tu. Bomba la nusu inchi, urefu ule ule, hula mita 10. Na hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulikosea: pampu ya sentrifugali ukiibania njia ya kutokea, mota yake inapumzika, QB60 ukiibania, mota inazidi kubeba mzigo. Ukifunga koki ya mbele kabisa, ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo bomba jembamba, koki iliyofunguliwa nusu, au floti inayoziba maji bila kuzima umeme huchoma waya wa mota, hasa kwenye nakala za bei ya chini zisizo na kinga ya joto ndani. Tumia bomba la inchi moja mpaka mwisho, na floti iwe ile ya umeme, inayoizima pampu yenyewe.

Upande wa kuvuta, vibandiko vingi huahidi mita 8 au 9. Hiyo ni ahadi ya usawa wa bahari. Hewa ndiyo inayosukuma maji kuingia kwenye pampu, na uwezo wake Dar es Salaam au Mombasa ni mita 10.3 kwa nadharia. Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, ni 8.5 hivi. Ukitoa hasara za bomba na valvu, pwani kubali mita 7, Nairobi mita 5 hadi 6. Kisima kikizidi hapo, kununua HP kubwa zaidi ya aina hii hakusaidii hata kidogo. Unahitaji pampu ya kuzamisha.

Ufungaji wake si mgumu, lakini una mpangilio. Chini kabisa ya bomba la kuvuta weka valvu yenye chujio inayozuia maji kurudi, ile mafundi wanayoiita futi-valvu, ikae angalau sentimita 30 juu ya tope. Bomba la kuvuta lipande moja kwa moja kuelekea pampu bila mgongo katikati, maana hewa hujificha kwenye mgongo. Kila kiungo kipate tepu nyeupe ya kutosha, zungusha mara 10 hadi 15 kufuata uelekeo wa kukaza. Weka yunioni pande zote mbili ili pampu itoke bila kukata bomba. Kisha fungua kizibo cha juu, jaza maji mpaka yafurike, funga, ndipo uwashe. Isizunguke kavu hata dakika moja: sili ya shafti hupozwa na maji hayo hayo, na ikiungua maji huanza kuchuruzika kati ya pampu na mota, yanaingia kwenye beringi, kisha unasikia kelele. Upande wa umeme, breka yake peke yake ya ampea 6 aina ya C au ampea 10, na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Usiivutishe moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Inanyonya uchafu kupitia viungio vibovu vya mtaa mzima. Maji yaingie kwanza kwenye tangi la chini.

Ubovu unaotokea zaidi ni wa kunguruma bila kuzunguka. Nafasi kati ya impela ya shaba nyeupe na mwili wa chuma ni nyembamba mno, haifiki unene wa kadi ya simu, hivyo pampu iliyokaa miezi bila kazi hushikwa na kutu. Zima umeme, fungua kifuniko cha feni nyuma, zungusha feni kwa mkono mpaka iachie. Ikizunguka kirahisi na bado inanguruma, tazama kapasita: kwa kawaida ni maikrofaradi 8 au 10, volti 450. Itoe chaji kabla ya kuigusa, ipime, na ikiwa imepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi weka mpya ya thamani ile ile. Nafasi hiyo nyembamba ndiyo pia inayofanya mchanga uwe adui mkubwa. Maji yenye mchanga hulegeza impela ndani ya majuma machache. Pampu inazunguka vizuri, ampea zipo, maji hayapandi tena. Kwa kisima cha mchanga hatuipendekezi, hata ikiwa ya nembo nzuri.

Sasa HP nyingine zitakazokukuta dukani. Jenereta au pampu ya petroli iliyoandikwa 6.5 HP inataja injini tupu, tena mara nyingi kabla ya kutoa mzigo wa vifaa vyake. Honda GX200 ya cc 196, ambayo nakala zake nyingi huuzwa kwa jina la 6.5 HP, mtengenezaji mwenyewe huihesabu 5.5 HP kwenye mizunguko 3,600. Jenereta ya injini ya ukubwa huo hutoa kVA 2 hadi 2.5. Hiyo inaiwasha QB60 bila shida, ingawa mota huvuta mara nne hadi sita ya ampea zake inapoanza. Inveta ya sola ya wati 600, kwa sababu hiyo hiyo, haitoshi. Anzia wati 1,500 na iwe ya wimbi safi.

Kwenye kiyoyozi, HP ni lugha ya sokoni tu. "HP moja" maana yake BTU 9,000 kwa saa, yaani kilowati 2.6 za kuondoa joto, wakati umeme wake ni kama kilowati 0.8. "Moja na nusu" ni BTU 12,000. Usijumlishe HP ya kiyoyozi na ya pampu unapochagua jenereta. Jumlisha wati za kuingia. Na fundi wa kiyoyozi akisema "HP iko juu" huku anatazama geji nyekundu, hazungumzii ukubwa wa mashine. Anasema shinikizo la upande wa juu (high pressure) limezidi: kondensa ya nje imejaa vumbi, feni yake imekufa, au gesi imezidishwa. Mwambie aanze kwa kuosha kondensa.

Kenya, kadi yenye bei mbili, moja ya taslimu na nyingine imeandikwa HP (hire purchase), inahusu kununua kwa awamu, ambapo mali hubaki ya muuzaji mpaka awamu ya mwisho. Ipo sheria yake, Sura ya 507. Zidisha malipo ya mwezi kwa idadi ya miezi kabla ya kukubali. Na ukitafuta "HP" mtandaoni bila kuongeza neno pampu, utaletewa kompyuta na printa za kampuni ya Hewlett na Packard, iliyoanza Palo Alto mwaka 1939.

Ukifika kaunta, usiseme "nipe ya nusu HP." Sema: "Nataka lita 20 kwa dakika kwenye mita 12, navuta mita 3, maji hayana mchanga." Kisha omba chati ya H na Q, uliza kama koili ni ya shaba au alumini, na uangalie kama kibandiko kina ampea. Pampu isiyoandikwa ampea zake irudishe kwenye rafu.