Seti ya lateksi ya kupanga makundi ya streptokoka: uzoefu wangu na sampuli za koo

Niseme mapema: seti hii ya kutambua makundi ya bakteria aina ya streptokoka ni nzuri, naipa nyota nne. Lakini kama kazi yako kubwa ni sampuli za koo, usiifanye kipimo cha kwanza.

Ndani ya boksi kuna vichupa sita vya lateksi (chembe ndogo zilizopakwa kingamwili), vya makundi A, B, C, D, F na G, kimeng'enya cha kutolea antijeni (alama ya bakteria inayotambulisha kundi lake), kontroli chanya, kadi na vijiti vya kukorogea. Unachota koloni chache (vidoa vya bakteria vilivyoota kwenye sahani), unazivuruga kwenye kimeng'enya, unaziacha dakika 10 kwenye nyuzi 37, halafu unadondosha tone moja moja kwenye maduara sita ya kadi. Hapo unaizungusha kadi taratibu mkononi huku umeinamia mwanga. Koloni ikiwa safi na ni ya kundi A, duara la kwanza linaanza kukatika kama maziwa yaliyoharibika hata dakika moja haijaisha, na mengine matano yanabaki laini vilevile. Ni raha kuliona, na hata mwanafunzi wa mafunzo kazini halikosei. Mtaalamu wa bakteria Rebecca Lancefield alipotangaza mpangilio huu wa makundi mwaka 1933, antijeni ilitolewa kwa kuwachemsha bakteria kwenye asidi. Kimeng'enya kimetuondolea adha hiyo.

Sasa kasoro. Kooni kuna bakteria wa kila namna wanaoishi humo bila ugonjwa wowote, na kwenye agari ya damu (sahani ya kuoteshea bakteria) wote wanaota pamoja. Ukichota koloni yenye hemolisisi ya beta (iliyovunja damu na kuacha duara angavu kuizunguka) ukakokota na jirani zake, unaweza kuona chembechembe kwenye maduara mawili au matatu kwa mpigo. Majibu ya namna hiyo hayatoki maabara. Lazima uioteshe upya ile koloni ipate kuwa peke yake, na hapo siku nyingine imekwenda wakati daktari anasubiri. Karatasi ya maelekezo inalitaja jambo hili, ila kwa maandishi ambayo utahitaji hadubini kuyasoma.

La pili ni zito zaidi, na wengi hulipita: kundi A kwenye kadi si lazima liwe Streptococcus pyogenes, bakteria mkuu tunayemtafuta kwenye koo linalouma. Baadhi ya streptokoka wa kundi la anginosus hubeba antijeni hiyo hiyo ya A, nao ni wakazi wa kawaida wa kinywa na koo. Lateksi haiwezi kuwatofautisha, maana yenyewe inaona antijeni tu. Macho na pua vinaweza: koloni zao ni ndogo kama ncha ya pini, hazifiki nusu milimita hata baada ya usiku mzima, na mara nyingi ukifungua sahani unapigwa na harufu ya sukari iliyoungua.

Ndiyo maana kwangu kipimo cha PYR, kinachotafuta kimeng'enya fulani cha bakteria, kinatangulia. Nikishahakikisha koloni ni ya beta na katalesi ni hasi (haitoi povu kwenye peroksidi ya hidrojeni), naipaka kwenye diski, nasubiri dakika chache, naweka tone la kitendanishi. Ikigeuka nyekundu, ni S. pyogenes. Enterokoka nao hugeuka nyekundu, lakini mwonekano wao kwenye sahani ni tofauti na ni nadra kuwapata na beta safi kwenye koo. Anginosus hubaki bila rangi. Diski ya basitrasini (antibiotiki) ya yuniti 0.04 nayo ipo, ila inadai usiku mwingine wa kuotesha, na baadhi ya kundi C na G nao huzuiwa nayo. Mimi nimeiacha.

Boksi la lateksi nalifungua PYR ikiwa hasi na koloni ni kubwa, zenye duara pana la hemolisisi. Hapo linalipa gharama yake yote. Kundi C na G, hasa S. dysgalactiae subspecies equisimilis, husababisha koo kuuma kweli kweli, na vile vipimo vya haraka vya antijeni havitawaona kwa sababu vinatafuta kundi A tu. Mgonjwa ana homa, mafindofindo yamevimba, kipimo cha haraka ni hasi, sahani imejaa beta: lateksi inakupa jibu asubuhi hiyo hiyo.

Utunzaji ni friji ya nyuzi 2 hadi 8. Isigandishwe kabisa, kwa sababu lateksi iliyoganda hutoa chembechembe zenyewe bila bakteria yeyote. Tikisa kichupa kabla ya kila tone, na upime tone la kimeng'enya kitupu pembeni.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya ufungashaji. Kwa maabara inayopokea koo tupu, vichupa vya B, D na F vinafika tarehe ya mwisho vikiwa karibu vimejaa. Kabla ya kuagiza boksi zima, muulize msambazaji kama kichupa cha kundi moja kinauzwa peke yake. Wapo watengenezaji wanaouza hivyo, na kwa koo A, C na G zinatosha.