TAHADHARI: Usilipie "kifaa cha laini ya kukodi" mpaka usome hii

Wadau, kuna mchezo unaendelea kwenye baadhi ya maduka ya Kariakoo na kwenye magrupu ya kuuziana vifaa vya mtandao, na wanaoumia ni ofisi ndogo, shule, zahanati, saccos, yaani wale ambao ndio kwanza wanachukua laini ya kukodi (leased line, laini ya kwao peke yao wanayolipia kwa mtoa huduma) ili matawi yao yaongee. Muuzaji akisikia tu unafungiwa laini anakwambia bila CSU/DSU, kifaa cha kukaa kati ya laini na ruta, hupati kitu, na anayo moja tu imebaki, original, mzigo wa Marekani, fanya haraka kuna mteja yuko njiani. Juzi nimeitwa ofisi moja hapa Dar wameshanunua CSU/DSU ya kadi kwa zaidi ya milioni, na kwenye laini yao haina kazi kabisa. Imeniuma jamani, ni hela ya watu wanaojibana.

Sasa tujue hicho kitu ni nini. Laini ya kukodi ya zamani, ile ya nyaya za shaba, ruta haiongei nayo moja kwa moja, lazima katikati pawe na kifaa chenye kazi mbili. Upande wa CSU unatazamana na waya wa kampuni ya simu, na fundi wao anaweza kuipima laini akiwa kwake huko huko bila kuja ofisini kwako. Upande wa DSU unatazamana na ruta, unageuza ishara ya laini iwe ya poti ya serial, mara nyingi kwa ile kebo nene ya V.35, na unaipa ruta saa, yaani mapigo ya kufuata ili pande zote zitume biti kwa mwendo mmoja. Vyote viwili vinakaa kwenye boksi moja au kwenye kadi ndogo inayochomekwa ndani ya ruta. Kwa hiyo kifaa chenyewe ni cha kweli, na ndiyo maana watu wanaingia mkenge kirahisi.

Ila mzigo wa Marekani ni wa T1. T1 ni aina ya laini ya kukodi ya shaba, megabiti 1.544 kwa sekunde, chaneli 24, na ni mambo ya Marekani na Kanada. Huku kwetu, kama Ulaya, laini za aina hiyo ni E1, megabiti 2.048, chaneli 32. Na usidhani ni spidi tu, fremu, yaani mafungu ya biti, tofauti, namna ya kupanga ishara kwenye waya tofauti, hata plagi, E1 nyingi zinakuja na kebo mbili za BNC, ile plagi ya duara. Kadi kama WIC-1DSU-T1 haina setingi ya kuifanya iwe E1, hata umlete fundi gani. Zipo zinazokubali zote mbili, mfano VWIC2-1MFT-T1/E1, lakini soma lebo kwa macho yako, ukiona T1 peke yake rudisha pale pale. Na yale maboksi ya nje angalia adapta, nyingine ni za volti 120 tu, ukichomeka kwenye 230 yetu inaungua hapo hapo.

Halafu kubwa kuliko yote: laini nyingi za kukodi wanazofunga mjini siku hizi ni faiba. Mtoa huduma anakuja na kiboksi chake, anakuachia poti ya kawaida ya Ethernet, unachomeka kwenye ruta yako basi. CSU/DSU hapo haihitajiki HATA KIDOGO. Wale wa ofisi niliyokwambia walikuwa na faiba, na poti ya ile kadi inafanana kabisa na ya Ethernet, plagi inaingia vizuri tu, wamekaa wanasubiri taa iwake.

Sasa sikia anavyokushawishi dukani. Anachomeka kiplagi kifupi kilichounganisha pini 1 na 4, 2 na 5, taa inageuka kijani, anakwambia unaona, laini imekubali. Hapo kadi inajisikia yenyewe tu, inachotuma ndicho inachopokea. Inaonyesha kadi ni nzima, basi, haina maana itaelewana na laini yako hata kama ni ya shaba.

Kabla hujatoa hela mpigie mtoa huduma wako umuulize swali moja: mnanikabidhi laini kwa poti gani? Akisema Ethernet, ondoka dukani. Akisema E1, muulize ni BNC au plagi ya RJ, ile inayofanana na ya Ethernet, akuandikie kwenye meseji ndio uende nayo kununua. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli kamili, siyo "kifaa cha mtandao", na ukiambiwa tuma kwenye namba ya mtu binafsi usitume.

Kama umeshauziwa usiitupe na usikubali kubadilishiwa na kadi nyingine ya T1. Piga picha lebo, chukua risiti na meseji zote alizokuahidi kuwa itafanya kazi, mrudie muuzaji mkiwa wawili au watatu, akikataa peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Na kama ofisi yako inataka kununua wiki hii na hamna uhakika, msilipe hata advansi mpaka mtoa huduma ajibu.