Chupa ya Dr. Brown's yenye vali ya bluu, kwa mtoto wa kaakaa wazi

Wazazi wenzangu wenye watoto wa kaakaa wazi, yaani waliozaliwa na mwanya kwenye paa la mdomo, kabla hamjatoa hela, angalieni kivali cha bluu. Kama hakipo, hiyo ni chupa ya kawaida. Muuzaji mmoja Kariakoo aliniapia kwamba zote ni zilezile. Wapi! Yangu ikabidi wifi anitumie kutoka Uingereza.

Mtoto wa kaakaa wazi hawezi kufyonza, maana hewa inapenyea puani. Ananyonya na kunyonya, wala hapati kitu. Kivali hicho kinapachikwa kwenye tako la chuchu na kinaruhusu maziwa kwenda mbele tu. Mtoto akiibana chuchu kwa ulimi na ufizi, maziwa hayana pa kurudi, yanaingia mdomoni. Akipumzika, yanasimama. Kwa hiyo mwendo ni wake, si wa mkono wako.

Binti yangu alikuwa anahangaika na titi mpaka anatoka jasho, maziwa yanamrudia puani, halafu analala na njaa. Nesi alitufundisha kukamua na kumnywesha kwa kikombe. Kikombe kinafaa, msikidharau, mama mkwe mpaka leo hataki kingine. Ila usiku wa manane, usingizi umekushika, nusu inaishia kwenye kanga. Kwa chupa hii anamaliza ndani ya nusu saa, na mstari kwenye kadi ya kliniki umeanza kupanda. Namkalisha wima na kumcheulisha katikati, kwa sababu hewa anayomeza ni nyingi.

Kuosha ndiyo kazi. Vipande ni vingi, na kivali ni kidogo mno, kidogo kiende na maji ya karai. Agizeni vya akiba mapema, maana bila kivali chuchu haina faida kwa mtoto huyu. Kwa kulisha naipa nyota 4.

Sasa masikio. Kuna wanaouza chupa hizi kwa maneno kwamba zinazuia maji masikioni. Kwa watoto wetu, msinunue kwa sababu hiyo. Misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati. Kaakaa likiwa wazi, misuli haina pa kushika sawasawa, mrija haufunguki, ute mzito unajaa nyuma ya ngoma ya sikio. Karibu watoto wote wa kaakaa wazi wanaupata, wa chupa na wa kikombe. Mara nyingi hakuna usaha wala kilio. Binti yangu sufuria ikidondoka hashtuki, na bibi yake anamsifu kwa upole! Kumbe alikuwa hasikii vizuri.

Kinachosaidia kupunguza maradhi hayo ya masikio ni maziwa ya mama yenyewe, hata yakipitia kwenye chupa, ndiyo maana sijaacha kukamua.

Kwa Dar, hospitali ya CCBRT pale Msasani wanafanya upasuaji wa mdomo na kaakaa bila malipo, kwa ufadhili wa shirika la Smile Train. Kaakaa kwa kawaida hushonwa kuanzia miezi 9 hadi 18. Mkipangiwa tarehe, ulizeni na masikio yatapimwa lini, kwa sababu vimirija vya kutoa ule ute vinaweza kuwekwa mtoto akiwa kwenye usingizi uleule wa upasuaji.