Mshenga asiyesoma barua: misimu mitatu na mfumo wa changamoto wa AO3

Changamoto yangu ya kwanza ya hadithi za mashabiki, zile ambazo wapenzi wa tamthilia au kitabu hutunga kuhusu wahusika wake, niliigawa kwa mkono. Watu 19, jedwali la safu 11, na rangi nilizojichagulia: kijani kwa anayekubali kuandika chochote, nyekundu kwa mwenye masharti. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kila mtu anaomba hadithi, kila mtu anamwandikia mwingine, na hakuna ajuaye anaandikiwa na nani mpaka siku ya kufichua. Nilifika mtu wa 18 bila tabu. Wa 19 alitaka kisa cha mhusika ambaye, kati ya waliobaki, wa kumwandika alikuwa yeye mwenyewe. Nikafumua, nikaanza upya, nikakwama kwa wa 17. Alfajiri ilinikuta bado nafumua, kama msuka mkeka aliyekosea ukili wa kwanza.

Msimu uliofuata nikahamia AO3, kifupi cha Archive of Our Own. Hifadhi hiyo ya hadithi za mashabiki ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009, inaendeshwa na shirika lisilo la faida liitwalo Organization for Transformative Works, haina matangazo wala haitozi kitu. Wengi wanaijua kwa kusoma tu, au waliisikia ilipopata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za njozi, mwaka 2019. Wasichokijua ni kwamba ndani yake mna mfumo mzima wa kuendesha changamoto. Unafungua mkusanyo, unasema ni wa kubadilishana zawadi, unapewa fomu ya usajili, mtambo wa kuoanisha watu, na swichi za kuficha na kufichua. Mimi mtambo huo nauita mshenga, na sifa nyingi nitakazomwaga hapa ni zake.

Mshiriki anajaza pande mbili: anachoomba na anachojitolea kuandika. Wewe mwandaaji unaamua aombe mara ngapi, achague tagi ngapi (lebo za majina ya kazi, wahusika na mahusiano), na kama aruhusiwe kusema “chochote”. Fomu ni ya Kiingereza, lakini kuna mahali pa kuweka maelekezo yako juu ya kila upande, na mimi nimeyaweka kwa Kiswahili, kisanduku kwa kisanduku. Tangu nifanye hivyo maswali yamepungua sana. Jambo moja la kuwaambia watu mapema: bila akaunti hakuna kusajiliwa, na akaunti hupatikana kwa mwaliko ambao huenda ukausubiri. Tangazo langu sasa linatoka wiki tatu kabla ya usajili kufunguliwa.

Sasa tuingie jikoni. Kwenye mipangilio kuna vikasha vinavyouliza: ili watu wawili waoanishwe, ni lazima walingane katika kazi ngapi (yaani tamthilia, vitabu au filamu), wahusika wangapi, mahusiano mangapi? Hapo ndipo changamoto inapojengwa au kubomoka, na kikasha chenyewe ni kidogo, ukipepesa jicho umekipita. Msimu wangu wa kwanza pale kwenye wahusika niliacha sifuri. Sifuri maana yake “hili lisikusumbue”. Nikafunga usajili, nikabofya, na watu 34 wote wakapata wenzao bila hata mmoja kubaki. Nilijipongeza kwa kikombe cha chai.

Siku ya pili ujumbe ukaingia: “Dada mwandaaji, samahani, huyu bibi mpishi mimi simjui hata sauti yake.” Aliyeomba alitaka hadithi ya bibi mpishi, mhusika anayetokea mara mbili katika tamthilia nzima. Mwandishi wake alijitolea kumwandika jambazi, basi. Walilingana kwa tamthilia tu, na tamthilia ndiyo pekee niliyokuwa nimemwagiza mshenga aiangalie. Hakukosea hata kidogo. Nilimtuma sokoni bila kumwambia samaki gani. Nikarudi kwenye mipangilio, nikaweka moja, nikatengeneza upya. Safari hii watu wanne wakabaki bila mwandishi, mfumo ukanionyesha majina yao, na hao nikawatafutia kwa mkono. Wanne kwa mkono nawamudu.

Huyu mshenga anahesabu tagi, barua hafungui. Mshiriki anaweza kuandika aya tatu kwamba hataki kifo cha mtoto wala mwisho wa msiba, na aya hizo hazina uzito wowote katika kuoanisha. Humfikia mwandishi kama zilivyo, na kuziheshimu au kutoziheshimu ni suala la sheria zako. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza sasa inasema wazi: asichokitaka mwombaji hakiingii, hata kwa dokezo. Anachokipenda ni cha hiari.

Kanuni ya pili ni urefu, na hii niliipata kwa aibu. Mwanzoni niliandika kwamba hadithi “iwe na urefu wa kutosha”. Mmoja akaleta maneno 212 na akanihakikishia kwamba kwake yanatosha. Ningemjibu nini? Yuletide, changamoto ya kubadilishana zawadi kama hii, ambayo tangu 2003 imekuwa ikifanyika kila mwaka kwa ajili ya kazi zenye mashabiki wachache, haikubali chini ya maneno 1,000. Nikaiga namba hiyo bila haya, nikaongeza kwamba hadithi iwe imekamilika. Neno “imekamilika” nalo lina mabishano yake, ila hayo tuyaache.

Tagi zenyewe zinataka jicho. Unaweza kuwaachia washiriki wapendekeze kazi na wahusika, kisha wewe ukaidhinisha. Shida ni tahajia. Ukipitisha jina moja kwa maandishi mawili, mwombaji atachagua hili na mwandishi atachagua lile, nao hawatakutana kamwe ilhali wanampenda mhusika yuleyule. Kuyapitia mapendekezo hunichukua jioni mbili, na ni kazi ya kuchosha kuliko zote. Sijaona njia ya mkato.

Halafu saa. Mfumo unakutaka uweke saa ya kufungua na kufunga pamoja na ukanda wa saa, na huo ni uzuri wake mkubwa. Tatizo liko kwenye lugha yetu. Nilitangaza kwamba usajili unafungwa “Jumapili saa sita usiku”. Nusu ya watu wakaelewa usiku wa Jumamosi kuingia Jumapili, nusu wakaelewa usiku wa Jumapili kuingia Jumatatu, na kila upande ulikuwa na hoja. Siku hizi naandika “Jumapili saa 5:59 usiku, usiku wa kuamkia Jumatatu”, na ukanda wa saa unafuata papo hapo. Hakuna tena aliyegonga mlango uliofungwa.

Panapopendeza zaidi ni kwa wanaojitoa. Mwandishi akishindwa ana kitufe chake cha kujitoa, hahitaji kunitungia hadithi ya ugonjwa. Jina la aliyeachwa linahamia kwenye orodha yangu, nami namtafutia mwandishi wa dharura. Nimewahi kushiriki changamoto mahali pengine ambako mwandaaji alitoweka na orodha yake, na watu sita wakasubiri zawadi ambayo mpaka leo haijafika. Kwa hiyo kwangu kuna msaidizi mwenye ruhusa zote za mkusanyo, na kuna sheria: anayebofya kitufe kabla ya tarehe ya mwisho anakaribishwa msimu ujao, ila anayenyamaza tu anakaa benchi msimu mmoja. Dada mmoja aliniuliza kama hiyo si adhabu kali. Nikamwambia amuulize aliyefungua zawadi akakuta hewa.

Kufichua kuna swichi mbili: moja inaonyesha hadithi, ya pili inaonyesha majina ya waandishi. Zinakaa jirani. Msimu wa pili, kwa usingizi, niliondoa alama zote mbili kwa pamoja. Ile wiki ya kubahatisha nani kaandika nini, utamu wenyewe wa mchezo, ikaishia palepale. Taarifa za zawadi zikaanza kuwafikia watu kwa barua pepe, na barua pepe ikishatoka hairudi. Kosa langu. Sasa nafichua mchana, nimeshiba, msaidizi akiwa kwenye simu.

Kama kikundi chenu hakifiki watu kumi, msihangaike na haya yote. Mfumo huohuo una aina nyingine ya changamoto ambamo watu wanaweka maombi yao wazi na yeyote anajichukulia linalomvutia. Hakuna kuoanisha, hakuna wa dharura, hakuna anayekaa benchi. Mkizidi hapo, kubadilishana zawadi kunalipa jasho lake.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishika mpaka lile neno “sifuri” lipate onyo la rangi nyekundu kubwa pembeni yake. Usajili wa msimu wa nne uko karibu, na bibi mpishi ameshapendekezwa kwa tahajia tatu.