Siku ya kilele Kilimanjaro: tathmini ya huduma kwa msafiri anayetoka Mtwara

Kwetu sisi tunaoishi Mtwara mjini, mahali palipoinuka kuliko pote tunapoweza kufika kwa urahisi ni uwanda wa Wamakonde, na ndiyo maana mazoezi yetu tuliyafanyia Newala, kwa kushuka na kupanda miteremko ya Shimo la Mungu tukiwa na mabegi mgongoni. Mazoezi hayo huijenga miguu, lakini hayamwandai mtu kwa mita 5,895, ambako oksijeni ya kila pumzi ni kama nusu ya ile aliyoizoea pwani. Kwa hiyo kampuni ya Moshi iliyotupandisha kwa njia ya Machame naipima kwa ilivyotusimamia siku ya kilele. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri na chakula kilitosha.

Tuliondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita usiku. Kiongozi mkuu alitembea taratibu mno, hatua kisha pumzi, na kila tulipotaka kuongeza kasi aliinua mkono bila kugeuka. Chupa zetu alikuwa amezivisha soksi nene na kuzilaza mdomo chini ndani ya begi, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu. Tulikunywa mpaka Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, wakati kundi la jirani lililotegemea mipira ya kunyonyea maji lilikuta mipira yote imeganda.

Njiani alimpima kila mmoja wetu oksijeni kidoleni. Mwenzetu, mwalimu wa sekondari kutoka Masasi, alikuwa ametapika na akijibu maswali kwa kuchelewa, ingawa aliomba sana aendelee. "Mwalimu, mlima hauhami. Sasa unashuka," aliambiwa kwa upole, na kiongozi msaidizi akateremka naye papo hapo. Alipofika chini akapata nafuu. Wengi huiuliza kampuni ni wateja wangapi hufika kileleni. Mimi ningeuliza kwanza ina viongozi wasaidizi wangapi, kwa sababu kundi lenye kiongozi mmoja haliwezi kumshusha mgonjwa bila kuwarudisha wote.

Kati ya Stella Point na kilele cha Uhuru barafu huonekana mkono wa kushoto, kuta zilizosimama wima, zenye mistari ya kijivu na rangi ya buluu kwenye nyufa. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na kiongozi alituonyesha kwa fimbo miamba mitupu ambayo yeye mwenyewe aliikuta imefunikwa alipoanza kazi. Nilisimama pale kwa huzuni na furaha pamoja, na ninawasihi watu wa Kusini wenye uwezo waende wakaione.

Kasoro ilikuwa vifaa vya kukodi. Tuligawiwa usiku, kwa haraka, bila nafasi ya kuvijaribu, na glavu zangu zilikuwa zimefumuka mshono wa kidole gumba, jambo la hatari katika baridi ile. Kampuni ilinirudishia fedha ya kukodi bila mabishano. Hata hivyo, ada ya hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo sana kuliko ya mgeni, hivyo sehemu kubwa ya gharama ni huduma yenyewe, na mteja ana haki ya kudai vifaa avikague mchana, siku moja kabla ya kuelekea lango la Machame.