Nimehamisha vipimo vya wateja wangu, tarehe zote zimebaki nyuma

Nilingoja hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa nguo Mombasa, zaidi nashona magauni ya harusi na madera ya wateja wa kudumu. Kwa miaka vipimo vyao vyote nimeviweka kwenye programu moja ya noti, ya kulipia kila mwaka, jina sitalitaja. Mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, picha ya kitambaa, arubuni aliyotoa na salio lililobaki. Ada ilipopanda tena nikasema basi, nahama. Nikachagua Joplin, maana ni ya bure, inafunguka hata bando likiisha, na noti zinakaa kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

Kuzitoa noti kule kwa zamani kulikuwa rahisi, hilo siwanyimi. Unabonyeza, unaletewa barua pepe, unapakua faili la zipu lenye noti zote, umemaliza. Maandishi yalikuja yote, picha nazo zikaja. Nilifurahi mno, na siku ile ile nikawaambia mafundi wenzangu wa Biashara Street kwamba programu ile, pamoja na ughali wake, ni ya kuaminika kwa sababu haimfungii mtu mali yake.

Kisha mteja wangu aliyeolewa Muscat akaniletea ujumbe. Mwaka huu haji kupimwa. Lesi ameileta kwa mkono wa ndugu yake, harusi ni baada ya mfungo. “Fundi, tumia vile vipimo vya mwisho.”

Nikafungua. Ana noti tatu. Kiuno 34, kiuno 31, kiuno 29. Najua niliwahi kumpima kabla hajabeba mimba, nikampima tena mtoto akiwa mchanga, na mara nyingine alipokuja likizo. Ipi ni ipi? Juu ya zote tatu kuna tarehe moja tu, nayo ni siku niliyoifungua ile zipu. Nikaenda kwa mteja mwingine, tarehe ni hiyo hiyo. Nikaenda kwa wa tatu, vilevile. Kana kwamba Mombasa nzima nimeipima alasiri moja.

Angekuwa mtoto ningechukua kipimo kikubwa nikaacha na pindo la kutoa. Mtu mzima mwili wake hupanda na kushuka, na lesi ukishaitia mkasi imekwisha. Nikakimbilia akaunti ya zamani nikaangalie tarehe kule. Muda wa malipo umepita, naonyeshwa noti chache za karibuni, zilizobaki zina kufuli mpaka nilipe tena.

Nikawaandikia. Kwanza nikajibiwa na roboti, ikanielekeza kule kule nilikotoka. Baadaye akaja binadamu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya: maudhui yangu yote yametolewa kikamilifu, tarehe ni taarifa ya mfumo na si sehemu ya maudhui.

Si sehemu ya maudhui! Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya yule dada na futi mkononi siku ile. Kiuno 31 bila siku yake hakinisaidii kitu, ni namba tu. Daktari akiandika presha ya mgonjwa bila tarehe, nani ataitumia? Na wanazo, hawawezi kusema hawanazo. Ndani ya programu yao kila noti ilikuwa na tarehe yake juu, hata ya kuhaririwa. Walichokataa ni kuiandika kwenye faili wanalokupa ukiwa unaondoka.

Na si kazi ngumu. Joplin ukiingiza faili lenye mistari ya utangulizi juu, inasoma kichwa, siku noti ilipoandikwa, siku ilipobadilishwa, na lebo zake. Yangehitajika maneno machache tu juu ya kila faili. Google Keep, programu ya noti ya Google, ni ya bure, lakini ukizitoa noti zako kwa Takeout, huduma yao ya kupakua data zako, kila moja inakuja na faili la JSON, maandishi yanayosomeka na mashine, lenye wakati wake. Wa bure wameweza, na hawa nimewalipa!

Nikawakumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupewa data zake kwa mpangilio unaosomeka na mashine. Nikajibiwa kwa kiungo cha ukurasa wa malipo. Hakuna salamu, hakuna pole.

Ikabidi nimpigie mteja. “Fundi, si wewe uliyenipima?” akaniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Dada yake akashika futi, mimi nikaelekeza kwa simu ya video. Kiuno kikatoka 31. Mabega sikuyaamini, kwa sababu mabega ya kupimwa na asiye fundi hupoteza nusu inchi hivi hivi, na gauni la lesi likivuta begani linaonekana ukumbi mzima. Nimemwomba aniletee gauni lake la zamani nilipime.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa urahisi wa kutoa na kwa picha zilizofika salama. Kisha nikashuka mbili. Sasa nimelisoma tena lile jibu lao na nasema moja. Joplin naendelea nayo, na vipimo vipya naandika tarehe ndani ya noti yenyewe, mstari wa kwanza, kabla ya mabega. Wale mafundi wa Biashara Street nimewapigia mmoja mmoja, nimefuta niliyowaambia: aliye bado ndani na akaunti hai, atoe noti moja leo, alifungue faili, atafute tarehe. Asipoiona, aanze kuzinakili kwa mkono kabla muda wa malipo haujaisha.